Homa Ikipoa, Ubongo Ukaanza Kuugua: Somo Kuhusu Magonjwa Yanayotoka kwa Mifugo

Kwa familia nyingi za Kaunti ya Isiolo, ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo ndio chakula, ndio karo ya shule, ndio mahari na ndio akiba ya siku mbaya. Kuishi karibu na mifugo ni baraka, lakini kuna magonjwa yanayovuka kutoka kwa mnyama hadi kwa binadamu. Wafugaji wanayajua mengi ya magonjwa hayo kwa dalili zake za kawaida: homa, uchovu, jasho la usiku na maumivu ya viungo.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba, mara chache, magonjwa hayo hupanda hadi kwenye ubongo, uti wa mgongo au macho. Mtu aliyedhaniwa amepona huanza kuchanganyikiwa, kupoteza kumbukumbu, kuanguka na degedege, kupooza mguu au kutoona vizuri. Familia hushtuka. Wengine husema ni malaria iliyopanda kichwani, wengine husema ni wazimu, na wengine husema amerogwa. Siku zinapita, na mgonjwa anazidi kuharibika.

Somo hili linaeleza jinsi hali hiyo inavyotokea, magonjwa yanayohusika zaidi katika maeneo kama yetu, na mambo ambayo kila boma linaweza kufanya ili mgonjwa afike hospitalini mapema akiwa na maelezo yatakayomsaidia daktari.

HOMA YA BONDE LA UFA

Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa Kenya, karibu na Ziwa Naivasha, katika miaka ya 1930 na 1931, wakati wanakondoo walipokufa kwa wingi na kondoo wakatupa mimba. Unasababishwa na virusi vinavyobebwa na mbu. Mayai ya aina fulani ya mbu hao yanaweza kukaa ardhini miaka mingi ya ukame yakiwa na virusi ndani yake. Mvua kubwa ikinyesha na maji yakasimama mabondeni, mayai huanguliwa, mbu huuma mifugo, na ugonjwa huanza upya. Hii ndiyo sababu mlipuko hufuata mafuriko, mara nyingi baada ya miaka ambayo watu wameanza kuusahau.

Kaskazini mwa Kenya kuna kumbukumbu nzito za ugonjwa huu. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, watafiti walikadiria kuwa watu 27,500 waliambukizwa katika iliyokuwa Wilaya ya Garissa pekee. Kati ya Novemba 2006 na Machi 2007, Kenya iliripoti wagonjwa 684, na 155 kati yao walifariki.

Kisha zamu ikafika Isiolo. Mwishoni mwa mwaka wa 2020 vifo viliripotiwa miongoni mwa wafugaji wa wadi ya Sericho. Kufikia tarehe 4 Februari 2021, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limepokea taarifa za wagonjwa 32 na vifo 11 katika kaunti za Isiolo, Garissa, Mandera na Murang'a. Katika Isiolo, wagonjwa walitoka kaunti ndogo za Garbatulla na Merti.

Binadamu huambukizwa zaidi anapogusa damu, nyama mbichi, maji ya uzazi au mimba iliyotupwa ya mnyama mgonjwa. Kuchinja mnyama anayeumwa na kumsaidia mnyama kuzaa bila kinga mikononi ni hatari kubwa. Kuumwa na mbu mwenye virusi ni njia nyingine, na maziwa mabichi hayafai kuaminiwa. Hakuna ushahidi kwamba mtu humwambukiza mtu mwenzake katika maisha ya kawaida, kwa hivyo mgonjwa hapaswi kutengwa na jamaa zake kana kwamba ni mkosi.

Baada ya siku 2 hadi 6, homa huanza ghafla, pamoja na maumivu ya kichwa, misuli na viungo. Kwa wagonjwa wengi, hali hiyo huisha baada ya siku 4 hadi 7. Lakini wachache hupata mojawapo ya matatizo makubwa matatu.

La kwanza ni kutokwa na damu. Huanza mapema, siku 2 hadi 4 baada ya homa, macho yakiwa ya manjano na damu ikitoka puani, kwenye fizi, katika matapishi au katika choo. Huwapata chini ya mtu 1 kati ya wagonjwa 100, lakini karibu nusu yao wanaweza kufariki.

La pili ni macho. Kati ya wiki 1 na 3 baada ya homa, mgonjwa huona ukungu au huona doa jeusi katikati ya kila anachokitazama. Ikiwa kidonda kimekaa katikati ya sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga, nusu ya wagonjwa hao hupoteza uwezo huo wa kuona katikati kabisa.

La tatu ni ubongo. Hili pia huwapata chini ya mtu 1 kati ya wagonjwa 100. Kwa kawaida huanza kati ya wiki 1 na 4 baada ya homa ya kwanza, na wakati mwingine hata baada ya siku 60. Dalili zake ni maumivu makali ya kichwa, kupoteza kumbukumbu, kuona au kusikia vitu visivyokuwepo, kuchanganyikiwa, kizunguzungu, degedege, usingizi usio wa kawaida na kupoteza fahamu. Wengi wa wagonjwa hawa hawafi, lakini baadhi yao hubaki na udhaifu wa mwili au wa akili kwa muda mrefu.

Hapo ndipo penye mtego. Mchungaji alichinja kondoo mgonjwa, akapata homa, akanywa dawa za kutuliza maumivu na akarudi malishoni. Mwezi mmoja baadaye anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Nani atakayemkumbuka yule kondoo?

Hakuna dawa maalum ya kuua virusi hivi. Hata hivyo, hospitali ina mengi ya kufanya: kumwongezea mgonjwa maji mwilini, kudhibiti degedege, kulinda figo na ini, na kuhakikisha kwamba hana ugonjwa mwingine wenye dawa, kama vile malaria kali au homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria.

BRUSELA

Tofauti na Homa ya Bonde la Ufa inayokuja na mafuriko, brusela iko nasi mwaka mzima. Husababishwa na bakteria wanaokaa katika maziwa, maji ya uzazi na kondo la nyuma la mnyama aliyeambukizwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watu waliopimwa katika Kaunti jirani ya Marsabit walikuwa na alama katika damu za kuwahi kukutana na bakteria hao. Alama hizo hazimaanishi kwamba kila mmoja wao alikuwa mgonjwa wakati huo, lakini zinaonyesha jinsi maambukizi yalivyoenea katika jamii za wafugaji.

Mgonjwa wa brusela huwa na homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi usiku, maumivu ya mgongo na viungo, na uchovu usioisha. Dalili zinaweza kuanza wiki kadhaa au hata miezi baada ya kunywa maziwa yenye bakteria. Kwa sababu homa hushuka yenyewe, wengi huvumilia.

Katika wagonjwa wachache, takriban 5 kati ya 100, bakteria huingia kwenye ubongo, utando wake, uti wa mgongo au mishipa ya fahamu. Dalili hutegemea mahali ugonjwa ulipokaa. Kuna anayepata maumivu ya kichwa yasiyoisha na shingo ngumu. Kuna anayepungukiwa na uwezo wa kusikia. Kuna anayeanza kuburuta miguu, au kushindwa kuzuia mkojo. Wengine hupata kiharusi wakiwa bado vijana. Wengine hubadilika tabia: huwa na huzuni nzito, hasira au usahaulifu, na watu wa nyumbani hudhani ni mawazo ya maisha.

Habari njema ni kwamba brusela ina dawa. Matibabu ya kawaida huchanganya dawa mbili za kuua bakteria kwa wiki 6. Ugonjwa ukishaingia kwenye ubongo, matibabu huongezwa hadi miezi kadhaa, na huhitaji uangalizi wa hospitali. Wajawazito na watoto wadogo hupewa dawa tofauti, kwa hivyo si salama kugawana vidonge vya jirani. Kosa linalowarudisha wengi hospitalini ni kuacha dawa baada ya wiki 2 kwa sababu homa imeisha. Bakteria hawa hujificha ndani ya chembe za mwili, na homa kuisha haimaanishi kwamba wamekufa.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Baadhi ya vipimo vya haraka vya brusela vinavyotumika nchini vimeonekana kutoa majibu ya uongo mara nyingi. Mtu anaweza kuambiwa ana brusela ilhali anaugua kitu kingine, akameza dawa kwa wiki nyingi bila nafuu. Mgonjwa asiyepata nafuu anapaswa kurudi na kuomba kipimo cha kuthibitisha. Akiwa na dalili za ubongo, daktari anaweza kuhitaji kupima maji ya uti wa mgongo. Familia nyingi huogopa kipimo hicho wakidhani kinaleta kupooza. Ukweli ni kwamba sindano huingizwa chini ya mahali uti wa mgongo wenyewe unapoishia, na majibu yake yanaweza kuokoa maisha.

Historia inatoa funzo moja muhimu. Mwaka wa 1887, daktari David Bruce aligundua bakteria wa ugonjwa huu kwa wanajeshi wa Uingereza waliokuwa kisiwani Malta, lakini haikujulikana walikuwa wakiupata wapi. Mwaka wa 1905, daktari wa Malta, Themistocles Zammit, aligundua kwamba mbuzi wa kisiwani, waliokuwa na afya nzuri kwa kuwatazama, walibeba bakteria hao. Wanajeshi walipokatazwa maziwa ya mbuzi mwaka wa 1906, ugonjwa ulipungua sana miongoni mwao. Funzo lake ni kwamba mnyama anaweza kuonekana mzima na maziwa yake yawe na ugonjwa.

KICHAA CHA MBWA

Ugonjwa huu haufanani na yale mawili yaliyotangulia. Katika Homa ya Bonde la Ufa na brusela, ubongo huguswa mara chache. Katika kichaa cha mbwa, virusi husafiri kutoka kwenye jeraha kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na dalili zikishaanza, mgonjwa karibu kila mara hufariki. Mara nyingi dalili hutokea mwezi 1 hadi 3 baada ya kuumwa. Muda huo ndio nafasi pekee ya kuokoa maisha.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, paka, bweha au mnyama yeyote anayeshukiwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo kuanza chanjo, na aikamilishe. Jeraha lisipakwe pilipili, majivu wala mafuta. Punda, ng'ombe na ngamia walioumwa na mbwa mwenye kichaa wanaweza kuugua pia, kwa hivyo mikono isiingizwe kinywani mwa mnyama anayetokwa na mate mengi au anayeshindwa kumeza. Watoto wanaochunga wafundishwe kusema wakiumwa, hata kama jeraha ni dogo, na wasiadhibiwe kwa kusema.

KWA NINI WAGONJWA HUCHELEWA

Sababu ya kwanza ni umbali. Kutoka vijiji vya Sericho, Cherab au Oldonyiro hadi mjini Isiolo ni safari ndefu na ya gharama, na wachungaji walio kwenye malisho ya mbali wako mbali zaidi na zahanati.

Sababu ya pili ni muda unaopita kati ya mnyama na dalili. Mtu huunganisha kwa urahisi ugonjwa wa leo na chakula cha jana. Si rahisi kuunganisha degedege la leo na mbuzi aliyezaliwa mwezi uliopita.

Sababu ya tatu ni kwamba homa nyingi zinafanana. Zahanatini, homa hupimwa malaria kwanza, na hilo ni sahihi. Lakini kipimo cha malaria kikionyesha hakuna vimelea, swali linalofuata linapaswa kuwa kuhusu mifugo.

Sababu ya nne ni aibu. Mgonjwa aliyebadilika akili hufichwa nyumbani, na wengine hufungwa kamba. Mgonjwa wa namna hii anahitaji daktari. Hakuna ubaya familia kumwombea dua, ilmradi maombi yasichukue nafasi ya safari ya hospitali.

DALILI ZA HATARI

Mgonjwa apelekwe hospitalini bila kungoja kesho iwapo ana homa, au alikuwa na homa katika miezi miwili iliyopita, na sasa ana mojawapo ya dalili hizi:

• Maumivu makali ya kichwa yasiyotulia, au shingo iliyokauka
• Kuchanganyikiwa, kuongea maneno yasiyoeleweka au kutotambua jamaa zake
• Degedege, hata kama ni mara moja
• Usingizi mzito usio wa kawaida
• Udhaifu wa mkono, mguu au upande mmoja wa uso
• Kuona ukungu, au kupungukiwa na kusikia kwa ghafla
• Kutokwa na damu puani, kwenye fizi au kwenye choo

Akiwa njiani, alazwe ubavu na asilazimishwe kula au kunywa kama hana fahamu timamu. Anayepata degedege asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni.

MAMBO MATANO YA KUMWAMBIA DAKTARI

Daktari hawezi kujua yaliyotokea bomani asipoambiwa. Anayempeleka mgonjwa aeleze:

1. Kama mgonjwa alichinja, alichuna au alisaidia mnyama kuzaa katika miezi miwili iliyopita.
2. Kama mifugo ya boma au ya jirani ilitupa mimba au ilikufa ghafla.
3. Kama mgonjwa hunywa maziwa mabichi, na ya mnyama gani.
4. Kama aliwahi kuumwa na mbwa au mnyama wa porini, hata miezi iliyopita.
5. Homa ya kwanza ilianza lini, na alimeza dawa gani.

Maelezo haya yanaweza kubadilisha kipimo kinachofanywa na dawa inayotolewa.

KINGA NYUMBANI NA MALISHONI

Maziwa yachemshwe hadi yatokote. Wengi hupenda maziwa ya ngamia yakiwa mabichi au yaliyochachuka, na kibuyu hufukizwa moshi wa mti wenye harufu nzuri. Moshi huo husafisha chombo na kuleta ladha, na kuchacha huyapa maziwa uhai mrefu, lakini hakuna kati ya hivyo viwili kinachotegemewa kuua bakteria wa brusela. Njia salama ni kuchemsha kwanza, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia kianzio na kuyachachua katika kibuyu kilichofukizwa. Ladha inabaki na hatari inaondoka. Kwa mji kama Isiolo, ambako akina mama wengi huishi kwa biashara ya maziwa ya ngamia yanayosafirishwa hadi Nairobi, maziwa salama pia ni soko salama.

Anayesaidia mnyama kuzaa avae glavu, na kama hana, afunge mikono kwa mifuko ya plastiki isiyotoboka, kisha anawe kwa sabuni. Wajawazito wasifanye kazi hiyo. Mimba iliyotupwa na kondo la nyuma vifukiwe ndani sana au vichomwe. Mbwa wasitupiwe, kwa kuwa nao huambukizwa na kuusambaza ugonjwa bomani.

Mnyama mgonjwa asichinjwe ili "nyama isipotee". Nyama ya mnyama mmoja haina thamani ya macho ya mchungaji. Wakati wa mvua kubwa, familia zilale ndani ya vyandarua, na wachungaji wavae nguo za kufunika mikono na miguu jioni.

Chanjo ya mifugo dhidi ya Homa ya Bonde la Ufa hutolewa kabla ya mlipuko. Ugonjwa ukishaingia kundini, kuchanja kwa sindano moja mnyama baada ya mnyama kunaweza kuusambaza. Kwa hivyo chanjo inapotangazwa wakati wa kiangazi, huo ndio wakati wake. Mbwa nao wachanjwe kila mwaka.

KURIPOTI MAPEMA HULINDA SOKO

Baadhi ya wafugaji hunyamaza mifugo inapotupa mimba, wakihofia karantini na kufungwa kwa soko. Hofu hiyo ina msingi, kwani soko la mifugo likifungwa, karo na chakula vinakwama. Lakini ugonjwa uliofichwa husambaa kundi kwa kundi, na karantini inayokuja baadaye huwa ya eneo kubwa na ya muda mrefu zaidi. Ugonjwa ulioripotiwa ukiwa katika boma moja ni rahisi kudhibitiwa.

Kondoo au mbuzi wengi wakitupa mimba kwa wakati mmoja, hasa baada ya mvua, taarifa ipelekwe kwa afisa wa mifugo wa wadi, chifu au mhamasishaji wa afya ya jamii. Mimba za mifugo huanza kutupwa kabla wagonjwa wa kibinadamu hawajaonekana hospitalini. Mfugaji anayetoa taarifa mapema huenda ameokoa akili ya mtoto wa jirani.

MASWALI YA KUJIPIMA

Familia zinahimizwa kuyasoma pamoja, na aliyesoma amsaidie asiyejua kusoma.

Swali: Homa iliisha wiki tatu zilizopita na leo mgonjwa amechanganyikiwa. Je, vinaweza kuhusiana?
Jibu: Ndiyo. Apelekwe hospitalini leo, na daktari aambiwe kuhusu homa hiyo na mifugo.

Swali: Mbuzi anaonekana mzima. Je, maziwa yake mabichi ni salama?
Jibu: La. Mnyama mwenye brusela anaweza kuonekana mzima.

Swali: Mgonjwa wa brusela amepata nafuu baada ya wiki 2. Aache dawa?
Jibu: La. Amalize muda wote alioandikiwa na daktari.

Swali: Mtoto ameumwa na mbwa asiyejulikana. Hatua ya kwanza ni ipi?
Jibu: Kuosha jeraha kwa sabuni na maji kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Matatizo haya ya ubongo ni nadra, na hakuna sababu ya kuogopa mifugo. Mgonjwa anayefika mapema, akiwa na mtu wa kueleza yaliyotokea bomani, ana nafasi nzuri zaidi ya kurudi nyumbani akiwa na akili zake, macho yake na nguvu za kuchunga tena.